Mafuta ya jua, krimu ya fluorourasili au kidonge cha nikotinamidi: kipi kianze kwa mwenye ualbino?

Watu wenye ualbino na wazazi wao siku hizi hukutana na majina ya dawa kwenye simu kabla hawajayasikia kliniki. Mmoja ametumiwa ujumbe kwamba kuna vitamini ya vidonge inayozuia saratani ya ngozi. Mwingine ameandikiwa krimu na daktari, ameipaka siku chache, uso ukawaka na kuchubuka, akaitupa. Wa tatu hupewa mafuta ya jua bure, ila hajui ayapake kiasi gani wala kama yanatosha. Kemikali zote tatu zimefanyiwa utafiti mkubwa, kwa watu, kwa miaka, na matokeo yake yanajulikana. Ninayaweka hapa sambamba ili mwenye kuchagua, hasa mwenye fedha kidogo, ajue kila shilingi inamnunulia nini.

Msimamo wangu nautoa mapema. Vitu hivi vitatu havifanyi kazi moja. Mafuta ya jua huzuia mionzi isiifikie seli. Nikotinamidi huisaidia seli iliyokwisha kupigwa na jua ijitengeneze. Fluorourasili huua seli zilizokwisha kuharibika kabla hazijageuka saratani. Kama mfuko ni mwembamba, anza na kofia yenye ukingo mpana na mikono mirefu, kisha mafuta ya jua, kisha nauli ya kwenda kliniki ya ngozi, ambako krimu itaandikwa ikihitajika. Kidonge kiwe cha mwisho, na si kwa kila mtu.

Ngozi inayozungumziwa hapa

Tanzania hutajwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, ilhali Ulaya na Amerika Kaskazini hutajwa mmoja kati ya watu 17,000 hadi 20,000. Ngozi yenye ualbino ina melanini kidogo au haina kabisa, na melanini ndiyo inayomeza mionzi ya urujuanimno kabla haijafika kwenye DNA ya seli. Huku karibu na ikweta, kipimo cha mionzi hiyo hupita 11 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na 11 ndipo Shirika la Afya Duniani linapoanza kuiita kali kupindukia. Ndiyo maana madhara huanza utotoni, na saratani huwakuta watu wakiwa bado vijana.

Kuna jambo moja ambalo makala nyingi za ulinganisho hulipita, nalo ndilo linaloamua mengi. Saratani za ngozi zinazoletwa na jua si aina moja. Kwa watu wa asili ya Ulaya, inayoongoza ni ile inayoanzia kwenye seli za chini za tabaka la juu la ngozi, iitwayo beseli, ambayo hukua polepole na mara chache sana husambaa. Kwa watu wenye ualbino barani Afrika, inayoongoza ni ya seli bapa, iitwayo skwamasi, na mara nyingi hushika kichwa, uso, masikio na shingo. Hii ikiachwa huingia ndani, husambaa, na huua.

Tafiti kubwa ninazozitaja hapa zilifanyiwa Australia, Marekani na Uholanzi, kwa watu wenye melanini kidogo lakini wasio na ualbino. Kwa hiyo kuyaleta matokeo yake huku ni kukadiria, na msomaji ana haki ya kulijua hilo. Hata hivyo, zile zilizoonyesha kupungua kwa saratani zimeelekea upande mmoja: kinga ilionekana zaidi kwenye skwamasi kuliko kwenye beseli. Aina inayowamaliza ndugu zetu ndiyo iliyozisikia zaidi dawa hizi.

Mafuta ya jua

Utafiti wenye uzito kuliko yote ulifanyika Nambour, mji mdogo wa jimbo la Queensland, Australia. Kuanzia 1992, watu wazima 1,621 waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipewa mafuta ya jua ya SPF 15 hivi (SPF ni namba ya kwenye chupa inayoonyesha nguvu ya kinga) na kuagizwa kuyapaka kila asubuhi kichwani, shingoni, mikononi na viganjani. Kundi la pili liliachwa liendelee na mazoea yake, apakaye apake, asiyepaka asipake. Baada ya miaka minne na nusu, visa vya skwamasi katika kundi la kwanza vilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40. Beseli haikupungua kwa kiasi cha kuaminika.

Tazama kilicholinganishwa pale. Hawakulinganishwa wapakaji na wasiopaka kabisa. Walilinganishwa wanaopaka kila siku na wanaopaka wakikumbuka. Tofauti hiyo ya mazoea tu, kwa mafuta ya kiwango ambacho leo wengi wangekiona kidogo, ilileta faida yote ile. Ninapomsikia mtu akisema mafuta ya jua ni ya siku ya kwenda shamba au mechi, huwa namwelekeza Nambour.

Sasa, mafuta yapi? Ndani ya chupa kuna makundi mawili ya kemikali. La kwanza ni la madini, yaani oksidi ya zinki na oksidi ya titani, ambazo hubaki juu ya ngozi. La pili ni la kemikali za kaboni, kama avobenzoni, oksibenzoni na oktokrileni, ambazo humeza mionzi na kuigeuza joto. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipitia viambato 16 na kupendekeza kwamba viwili tu ndivyo vyenye ushahidi wa kutosha wa usalama: zinki na titani. Viwili vilikataliwa. Kumi na viwili viliambiwa vilete takwimu zaidi, na majaribio yaliyochapishwa baadaye, 2019 na 2020, yalionyesha kwamba kadhaa kati yake huingia kwenye damu kupita kiwango ambacho FDA huruhusu bila uchunguzi wa ziada. Kuingia kwenye damu si ushahidi wa kudhuru, na FDA yenyewe iliwaambia watu waendelee kupaka.

Ukiweza kuchagua, chukua yenye oksidi ya zinki. Huzuia mionzi mirefu (UVA) na mifupi (UVB) ya urujuanimno, haichomi macho kirahisi, na inavumiliwa na ngozi ya mtoto. Lawama yake kubwa madukani ni kwamba huacha weupe kwenye ngozi nyeusi. Kwa mwenye ualbino lawama hiyo haina uzito. Ila usikae bila mafuta kwa kuisubiri zinki. Chupa yoyote halisi yenye SPF 30 na kuendelea, iliyoandikwa kwamba inakinga mionzi ya UVA na UVB, ni bora kuliko ile nzuri zaidi iliyobaki dukani.

Namba za SPF nazo huwapotosha wengi. SPF 15 huzuia takriban asilimia 93 ya mionzi ya UVB, SPF 30 asilimia 97, SPF 50 asilimia 98. Namba hizo hupimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi, na watu wengi hupaka nusu ya hapo au chini yake. Kwa hiyo kiasi unachopaka kina uzito kuliko namba ya kwenye chupa. Kipimo rahisi ni kijiko cha chai: kimoja kwa uso, shingo na masikio, na kimoja kwa kila mkono kutoka begani. Hivyo ni mililita 15 kwa mara moja. Mafuta hurudiwa kila baada ya saa mbili ukiwa juani, na tena baada ya jasho jingi au kuoga. Hata ukirudia mara moja tu, ni mililita 30 kwa siku, na chupa ya mililita 100 haimalizi siku nne.

Familia ngapi zinaweza hilo? Hapa ndipo nguo inapoingia kwenye hesabu. Mtoto akivaa shati la mikono mirefu lililofumwa vizuri, suruali au sketi ndefu, na kofia yenye ukingo wa kuzunguka kichwa chote, ngozi iliyobaki wazi ni uso, shingo, masikio na viganja. Chupa ile ile sasa itafika wiki moja au zaidi. Kapelo haitoshi, huacha masikio na shingo, na hapo ndipo saratani hupenda kuanzia. Shule inayomkataza mtoto kofia kwa sababu si sehemu ya sare inapaswa kuelezwa kwa utulivu, ikiwezekana kwa barua ya daktari, kwamba kofia ile ni kinga ya uhai. Michezo ya nje na foleni za asubuhi zisimkute juani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni bila sababu.

Yanapatikana wapi? Moshi, kwenye kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya rufaa ya KCMC, hutengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun, yaliyobuniwa mahususi kwa watu wenye ualbino katika mradi ulioanzishwa na mfamasia kutoka Hispania, Mafalda Soto. Hugawiwa pamoja na mafunzo ya namna ya kuyatumia. Kenya, mafuta ya jua hutolewa bure kwa waliosajiliwa kupitia Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, kwenye hospitali za umma. Uliza kliniki iliyo karibu nawe kabla ya kununua, maana dukani bei huwa kubwa na chupa bandia zipo. Na uyaweke mahali pa baridi. Chupa iliyoachwa juani au ndani ya gari lililofungwa hupoteza nguvu.

Mtoto chini ya miezi sita hapakwi. Yeye ni kivuli, khanga na kofia tu.

Krimu ya fluorourasili

Kabla ya skwamasi, mara nyingi hutangulia mabaka madogo, makavu, yenye magamba, yanayokwaruza kama msasa ukiyapitishia kidole. Madaktari huyaita keratosisi ya jua. Si kila baka hugeuka saratani, lakini mwenye mengi yuko hatarini, na mtu mzima mwenye ualbino aliyekulia juani huwa nayo mengi. Fluorourasili ni ya hatua hii.

Kemikali hii ilitengenezwa 1957 na Charles Heidelberger na wenzake, Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Ilikuwa imeonekana kwamba uvimbe wa saratani hutumia urasili, moja ya malighafi za chembe za urithi, kwa wingi kuliko tishu ya kawaida. Heidelberger akapachika atomu ya fluorini kwenye urasili. Seli huidaka ikidhani ni chakula chake, kisha kimeng'enya kinachotengeneza sehemu muhimu ya DNA hukwama. Seli inayogawanyika haraka hufa. Seli nzima, isiyo na haraka, nyingi hupona.

Kwa kuondoa mabaka, krimu hii ndiyo iliyozishinda nyingine zilipopambanishwa. Watafiti wa Maastricht, Uholanzi, waliwagawanya kwa kura wagonjwa 624 wenye mabaka matano au zaidi kichwani na kuchapisha matokeo 2019. Mwaka mmoja baada ya tiba, waliobaki na upungufu wa robo tatu ya mabaka au zaidi walikuwa asilimia 74.7 kwa fluorourasili ya asilimia 5, asilimia 53.9 kwa krimu ya imikwimodi, asilimia 37.7 kwa tiba ya mwanga inayotanguliwa na kemikali ya kuamsha ngozi, na asilimia 28.9 kwa jeli ya ingenoli mebutati. Inafurahisha kwamba dawa ya zamani kuliko zote, isiyolindwa na hataza ya kampuni yoyote, ndiyo iliyoongoza.

Je, huzuia saratani yenyewe? Utafiti wa maveterani, yaani wanajeshi wa zamani, 932 wa Marekani, uliochapishwa 2018, uliwapa krimu hii waipake usoni na masikioni mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne. Katika mwaka wa kwanza, waliopata skwamasi ya kuhitaji upasuaji walikuwa 5 kati ya 468. Katika kundi la krimu isiyo na dawa walikuwa 20 kati ya 464. Ni upungufu wa asilimia 75 kwa dawa ya wiki nne. Baada ya mwaka huo tofauti ilififia, na beseli haikuguswa. Maana yake kwangu ni kwamba krimu hii hufagia kilichopo. Haijengi ukuta wa kudumu, na jua likiendelea kupiga, mabaka hurudi.

Sasa ubaya wake, nao usifichwe. Ngozi huwa nyekundu, huwaka, huvimba, hutoa magamba na wakati mwingine vidonda vya juujuu. Hali huwa mbaya zaidi wiki ya pili na ya tatu, kisha hupona wiki chache baada ya kuacha. Mgonjwa asiyeambiwa haya mapema huiona dawa kama sumu na kuitupa siku ya tano, na wa kulaumiwa hapo ni aliyemwandikia bila kumweleza. Kuwaka huko ndiko kufanya kazi. Kwa mtu anayefanya kazi za nje au anayeogopa macho ya watu, wiki nne hizo ni ngumu kweli. Upo utafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, uliochapishwa 2017, kwa watu 131, ambao ulichanganya fluorourasili na kalsipotrioli, kemikali ya jamii ya vitamini D inayotumika kutibu ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi. Walipaka siku nne tu, na mabaka ya usoni yalipungua kwa asilimia 87.8, dhidi ya 26.3 kwa waliochanganyiwa fluorourasili na vaselini. Walipofuatiliwa miaka mitatu, skwamasi ya usoni na kichwani iliwapata asilimia 7 ya kundi la mchanganyiko na asilimia 28 ya kundi la vaselini. Idadi yao ilikuwa ndogo, lakini kwa mtu asiyeweza kuvumilia wiki nne, ni jambo la kumuuliza daktari wa ngozi.

Masharti yake ni magumu. Mjamzito haitumii. Anayenyonyesha amuulize daktari kwanza. Mbwa au paka akilamba mabaki yake anaweza kufa, kwa hiyo tyubu ifungiwe na mikono ioshwe. Wapo watu wachache ambao mwili wao hukosa kimeng'enya cha kuivunja dawa hii, na wakipata homa, kuhara au vidonda vya mdomo baada ya kupaka, waache na warudi hospitali mara moja. Zaidi ya yote, krimu si ya uvimbe. Kidonda kisichopona ndani ya mwezi, kinundu kinachokua, baka linalotoka damu au kuuma, vyote ni vya kukatwa na kupimwa maabara. Kupaka krimu juu ya saratani iliyokwisha kuingia ndani ni kuipa muda.

Kidonge cha nikotinamidi

Hiki ndicho kinachosambaa kwenye simu, na habari yake ina msingi wa kweli. Nikotinamidi ni sura moja ya vitamini B3. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Wisconsin alionyesha kwamba vitamini hii huponya kwa mbwa ugonjwa unaofanana na pelagra, ule unaowapata watu wanaoishi kwa mahindi karibu peke yake. Pelagra hutoa vidonda pale hasa jua linapopiga: shingoni, mikononi, usoni. Seli iliyokosa vitamini hii haiwezi kustahimili jua. Watafiti wa Sydney walijiuliza kinyume chake: seli ikipewa nyingi kupita mahitaji, itastahimili zaidi? Maabara walikuta kwamba mionzi ya urujuanimno humaliza nishati ya seli, na nikotinamidi huzuia upungufu huo, ukarabati wa DNA ukaendelea, na kinga ya ngozi isizimwe.

Jaribio lao liliongozwa na Diona Damian wa Chuo Kikuu cha Sydney na kuchapishwa Oktoba 2015. Watu 386 waliokwisha kupata angalau saratani mbili za ngozi ndani ya miaka mitano walimeza miligramu 500 mara mbili kwa siku, au kidonge kisicho na dawa, kwa miezi 12. Saratani mpya zilipungua kwa asilimia 23 kwa jumla: beseli asilimia 20, skwamasi asilimia 30. Walipoacha kumeza, ndani ya miezi sita faida ilikuwa imekwisha.

Kisha, 2023, kundi la Australia likachapisha jaribio kwa watu 158 waliopandikizwa viungo, ambao dawa zao za kuzuia mwili usikatae kiungo huwaweka kwenye hatari kubwa ya saratani ya ngozi. Baada ya mwaka, waliomeza nikotinamidi walikuwa na saratani mpya 207, na wasiomeza 210. Hakuna tofauti. Mwaka 2025 ukaja uchambuzi wa kumbukumbu za maveterani 33,822 wa Marekani: waliotumia walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 14, na walioanza mara baada ya saratani ya kwanza kwa asilimia 54. Huo haukuwa mgawanyo wa kura, kwa hiyo siuwekei uzito sawa na ule wa 2015, lakini unaelekeza kwamba kama kidonge kina kazi, kazi yake ni mapema, kwa aliyepata saratani ya kwanza.

Kwa asiyewahi kupata saratani, na kwa watoto, sioni sababu ya kukinunua. Na wanaokinunua hukosea kwa njia tatu. Wa kwanza hununua vitamini B mchanganyiko, ambayo mara nyingi ina makumi machache tu ya miligramu za B3, ilhali jaribio lilitumia 1,000 kwa siku. Wa pili hununua niasini, sura nyingine ya vitamini hiyo hiyo, ambayo hufanya uso uwake na kuwasha, na ikizidi huumiza ini. Wa tatu hununua seramu ya kupaka yenye niasinamidi, iliyojaa maduka ya vipodozi Kariakoo na Nairobi. Ni kemikali hiyo hiyo, lakini jaribio lilikuwa la kumeza, na seramu haichukui nafasi yake.

Usalama wake ni mzuri kwa jumla, bila kuwaka usoni. Lakini mtu mzima huhitaji miligramu 14 hadi 16 tu za vitamini hii kwa siku, na kumeza mara sitini ya hapo kwa miaka si jambo la kufanya kimya kimya. Mwaka 2024 watafiti wa Cleveland Clinic walionyesha kwamba mabaki ya B3 iliyozidi mwilini yanahusiana na magonjwa ya moyo na kiharusi. Uhusiano huo haujathibitisha chanzo, ila mwenye presha au historia ya moyo amwambie daktari kabla ya kuanza.

Nani achukue nini

Mtoto na kijana mwenye ngozi safi: nguo, kofia, mafuta ya jua kila asubuhi, na kukaguliwa ngozi yote kliniki walau mara mbili kwa mwaka. Fedha ya kidonge inunue chupa ya pili ya mafuta.

Mtu mzima mwenye mabaka ya kukwaruza: hayo yote, na kuonana na daktari wa ngozi kuhusu fluorourasili au kugandisha mabaka kwa naitrojeni ya kimiminika. Mabaka mawili matatu hugandishwa kwa dakika chache, na kwa anayeishi mbali na kliniki hilo ni rahisi kuliko krimu ya wiki nne. Yakiwa mengi yametapakaa, krimu ndiyo yenye akili, kwa sababu hushughulikia hata yale ambayo jicho halijayaona. Panga wiki hizo zisiangukie msimu wa kilimo wala safari.

Aliyekwisha kukatwa saratani: vyote hivyo, na hapo ndipo nikotinamidi inapostahili kuzungumzwa, kama fedha inaruhusu kuimeza bila kukatiza. Kuimeza miezi miwili na kuacha ni bure.

Vya kuviondoa kwenye orodha

Betakarotini, ile rangi ya karoti inayouzwa kama kidonge cha ngozi, ilijaribiwa Nambour kwa watu wale wale, miligramu 30 kwa siku, na haikupunguza saratani ya ngozi. Nchini Ufini, jaribio la 1994 kwa wavutaji sigara lilikuta kwamba iliongeza saratani ya mapafu. Kula karoti. Kidonge kiache.

Maziwa ya mnyaa, ule mmea wa uzio, wapo wanaoyapaka kwenye sugu na mabaka. Tafadhali, hapana. Ingenoli mebutati, iliyoshika mkia katika utafiti wa Maastricht, ilitoka kwenye mmea wa jamii hiyo hiyo. Ilisafishwa, ikapimwa, ikaidhinishwa Marekani 2012. Kisha utafiti wa miaka mitatu ukaonyesha kwamba waliotibiwa nayo walipata skwamasi kwa asilimia 3.3, dhidi ya 0.4 kwa imikwimodi, na 2020 Ulaya ikaiondoa sokoni. Hiyo ni iliyopimwa kwa miligramu. Maziwa ya mnyaa hayapimwi, yana kemikali zinazochochea uvimbe, na watafiti wameyahusisha pia na saratani ya tezi za limfu iitwayo limfoma ya Burkitt huku kwetu.

La mwisho ni dawa ambayo wengi wanaimeza bila kulihusisha jambo hili: haidroklorothiazidi, kidonge cha presha kinachoandikwa HCTZ, peke yake au ndani ya vidonge vya mchanganyiko. Huifanya ngozi iwe nyepesi kuumizwa na jua. Watafiti wa Denmark walikuta kwamba waliokwisha kumeza jumla ya miligramu 50,000 au zaidi walikuwa na uwezekano wa skwamasi karibu mara nne, na 2018 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikatoa onyo. Kwa kidonge cha miligramu 25 kila siku, jumla hiyo hufikiwa kwa miaka mitano na nusu. Dawa nyingine za presha walizozipima hazikuonyesha uhusiano wa namna hiyo. Mama au baba mwenye ualbino anayetumia HCTZ asiiache ghafla, maana presha isiyotibiwa nayo huua. Abebe pakiti aende nayo kliniki, amwambie daktari ameimeza miaka mingapi, na aombe kubadilishiwa.